Sebule Isiyo na Kiti

Siku ya kuniaga pale ghalani Hayes, London, wenzangu walinipa saa ya ukutani. Niliitambua mara moja. Ililetwa na familia moja iliyokuwa inahama, ikiwa imesimama, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipangusa vumbi na kuibadilisha betri. Nikashukuru, nikaikumbatia, nikapanda nayo basi. Nyumbani kwangu hakuna kitu kilichonunuliwa kipya isipokuwa godoro, na sioni kwa nini saa ianze kuniletea maringo.

Mkuu wa ghala aliniomba niandike mambo mawili matatu kwa ajili yenu mlioingia kazini karibuni. Vyeo sitavitaja, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaeleza kazi yenyewe: kuchukua vyombo ambavyo mtu mmoja amevichoka, kuvitengeneza, na kuvipanga katika nyumba ya mtu mwingine aliyepewa fleti na halmashauri akaikuta ina kuta na bomba la maji tu. Mengine mtajifunza wenyewe migongo ikishaanza kuwauma.

Nilianza katikati ya miaka ya tisini. Kwetu Tanga nilikuwa fundi cherehani. London nikawa msafishaji pale uwanja wa ndege, mpaka magoti yakakataa. Jirani yangu akaniambia kuna ghala la hisani linatafuta mtu wa kushona foronya za makochi. Nikaenda na mkasi wangu kwenye mkoba, kama kwamba Uingereza nzima haina mkasi.

Aliyenipokea ni Mzee Jayanti, msimamizi wa karakana. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, baba yake aliuza vitanda huko, na yeye sasa alikuwa anakaa Kingsbury. Aliposikia natoka Tanga aliacha Kiingereza papo hapo.

"Bi Zuhura, wewe unajua kushona. Sawa. Unajua kukaa kimya kwenye nyumba ya mtu?"

Nikamwambia najua. Akanitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki.

Siku hiyohiyo alinichukua kwa mjane mmoja wa Kiingereza ambaye sebule yake ilikuwa imejaa mpaka mlango haufunguki wote. Ofisi ilikuwa imemwandalia kabati jipya, jipya kwa maana yetu. Nikashika upande mmoja tulipakue kwenye gari. Mzee Jayanti akanizuia. Badala yake tulianza kutoa. Tulitoa viti, mazulia, taa, ndoo, kila kitu, tukavipanga nje kwenye ujia, mpaka chumba kikabaki na alama za miguu ya vyombo kwenye zulia la ukuta hadi ukuta. Kisha akamketisha yule bibi katikati na kumuuliza habari ya kimoja kimoja: hiki ni nini, kilitoka wapi, unakitaka wapi.

Jioni tulirudi Hayes na lile kabati letu. Bibi hakulihitaji. Alichohitaji kilikuwemo humohumo: meza ya kushonea iliyofunikwa na magazeti, tukaisogeza dirishani, na kiti cha jikoni kikaja sebuleni. Mzee Jayanti alisema ndiyo kazi yetu, kwanza kutoa, na ukishatoa mwenyewe ataanza kukueleza anaishije. Tangu siku hiyo sikuwahi kuingiza kitu katika nyumba ya mtu kabla ya kutoa. Nanyi mfanye hivyo, hata dereva akikunja uso.

Ufundi mwingine nilioupata kwake ni huu. Kochi lisilo na kibandiko cha usalama wa moto usilipokee, hata likiwa la mfalme, maana hatuna ruhusa kumpa mtu. Kochi lenye harufu ya sigara linyunyizie magadi ya kuokea, ulale, asubuhi ulifyonze kwa mashine. Meza yenye duara jeupe la kikombe cha moto usikimbilie msasa, jaribu kwanza mafuta kidogo kwenye kitambaa. Mguu wa kiti unaocheza, usiukaze tu. Utoe wote, kwangua gundi ya zamani, ndipo utie mpya na kuufunga kamba mpaka kesho. Kochi haliingii mlangoni likilala, lisimamishe. Lisipoingia likisimama, ng'oa miguu yake. Na lisipoingia hapo, basi kuna mtu hakupima, na mara nyingi mtu huyo ndiye anayepiga kelele zaidi.

Nyumba za Waafrika wenzangu zilikuwa na mambo yake. Namkumbuka muuguzi mmoja Mkenya, kule Croydon, aliyetuomba meza ya chakula na sahani kwa kuwa mwanawe alikuwa anamleta mchumba. Tulipoanza kutoa vitu tukakuta uvungu wote wa kitanda umejaa maboksi yaliyofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na sahani za kaure, glasi, mashuka, hata pazia za kupendeza, vyote havijaguswa. Yeye mwenyewe alikuwa anakula kwenye sahani ya plastiki.

"Hizo ni za nyumba ya Nyeri," akasema. "Zinangoja container."

"Nyumba imeisha?" Mzee Jayanti akauliza.

"Kuta zimefika lenta."

"Tangu lini, sister?"

Muuguzi akacheka, halafu akaacha kucheka, akakaa kwenye kitanda. Mzee Jayanti akamsimulia jinsi mama yake kule Kisumu alivyotunza masufuria ya shaba akisubiri kurudi Gujarat, akayatunza mpaka akafa, na masufuria yakagawanywa na wakwe. Hakumwambia afanye nini. Tulimwacha kidogo, tukaenda kunywa chai kwenye gari. Tuliporudi maboksi yalikuwa yamefunguliwa na yule mama anaosha sahani huku analia. Tulimpa meza tu. Pazia za Nyeri nikazipunguza mimi mwenyewe, zikakaa Croydon vizuri kabisa.

Mzee Jayanti alistaafu kabla ya mwaka elfu mbili, na hakukaa sana akafariki. Nilikwenda kwake Kingsbury kuhani. Wanawe walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu makochi. Nilimlilia kama ndugu yangu, na bado nikiona kiti kinacheza namsikia akiguna.

Sasa niwaambie habari ya Mama Neema, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa miaka michache baada ya hapo. Mama Neema alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, amepata makaratasi, anafanya usafi maofisini, na amepewa fleti ya ghorofani palepale Hayes. Alikuwa na binti mmoja, Neema, mwenye umri wa miaka tisa. Mama aliugua vibaya akalazwa hospitali kwa muda mrefu, na kwa kuwa hakuwa na ndugu, mtoto alipelekwa Croydon kwa familia ya kulea. Sasa mama amepona, anamtaka mtoto wake. Harriet, ofisa wa ustawi wa jamii, alikuwa amekwenda kuikagua fleti akakuta haina kitu cha kukalia. Akatuomba vyombo. Alisema wazi kwamba mtoto hawezi kurudishwa kwenye nyumba ambayo hana pa kukaa, pa kula wala pa kuandikia kazi ya shule.

Nilikwenda na Colin, dereva wetu, Mwingereza mkubwa mwenye moyo laini ambaye alijitahidi sana usijulikane. Tulipeleka kochi, meza, viti vya mbao vya kulia chakula na kitanda cha mtoto. Safari hiyo hapakuwa na cha kutoa, sebule ilikuwa tupu tayari. Mama Neema alipokea kwa mikono miwili. "Asanti sana, Mungu ababariki," akasema, na akasisitiza tuviache tu koridoni, atapanga mwenyewe. Tukamwachia.

Wiki iliyofuata Harriet alipiga simu ghalani, sauti imebadilika. Tulipofika tulimkuta amesimama mlangoni kwa Mama Neema. Vyombo vyote vilikuwa vimebanana koridoni na katika chumba cha mtoto, kochi limesimamishwa wima, viti vimepandana. Sebule ilikuwa vilevile, tupu, na godoro moja chini. Mama Neema amekaa juu yake, miguu ameinyoosha, kitenge kichwani.

Colin akaguna kwamba huenda rangi haikumpendeza. Harriet hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia anahofia ugonjwa umerudi. Mtu mzima aliyepewa viti akaendelea kukaa sakafuni, atamwandikaje kuwa yuko tayari kulea? Ilikuwa imebaki ziara moja tu kabla ya kikao cha kuamua mtoto akae wapi. Kama sebule itakuwa hivi, Neema atabaki Croydon, na pengine atabaki kwa miaka. Alisema hivyo huku machozi yamemlengalenga, na hapo nikajua si mtu mbaya.

Nikaomba niachwe naye. Nilivua viatu nikaingia.

Nilipokuwa ndani ndipo nilipoangalia sawasawa. Kwenye zulia kulikuwa na alama za miguu ya vyombo vya zamani, kochi kubwa na kabati. Maana yake chumba hiki kiliwahi kujaa, na kuna mtu aliyevitoa vitu vyake. Televisheni ilikuwa chini pembeni, imegeuzwa ikatazama ukuta, imefunikwa kitenge. Kioo pia. Godoro lilikuwa limetandikwa kwa adabu, shuka limebanwa pembe zote. Nilikuwa nimekaa kwenye sebule za namna hiyo tangu utotoni, Tanga, Pangani, kila nyumba iliyofikwa. Nikaketi kwenye ukingo wa godoro.

"Mama Neema," nikamwambia, "pole na msiba."

Akakunja miguu, akanigeukia.

"Ni nani alikuambia?"

"Hakuna. Nimeona godoro."

Basi alianza kulia, si kwa sauti, na akanieleza. Mumewe, Baba Neema, alibaki nyuma walipokimbia vita, awafuate baadaye. Zaidi ya mwaka uliopita, yeye ndio kwanza ametoka hospitali, hana nguvu, na Neema yuko Croydon, mchungaji mmoja alipiga simu kutoka Bukavu: Baba Neema ameuawa njiani, na kaburi halijulikani. Siku ileile Mama Neema alitoa vyombo vyake sebuleni, akavigawa kwa majirani, akatandika godoro, akakaa kungoja watu.

"Watu ya kanisa balikuja," akasema. "Baliimba, balikula, kisha balirudia kazi. Huku watu banalia na shift. Nikabakia miye peke. Nani atatosha kilio?"

Kutosha, kwao, ni kuondoa. Matanga ya Baba Neema yalikuwa hayajaondolewa.

"Hauwezi kuyaondoa mwenyewe?" nikauliza, ingawa jibu nililijua.

"Mama Zuhura, muke ya marehemu atajitoshea kilio? Inatoshwaka na ba kwabo, ba upande wa bwana. Na ba kwabo bote bako kule, kama bangali bazima. Niikale pa kiti namna gani, na bwana yangu kilio yake ingali mu nyumba?"

"Na Neema anajua?"

Akatikisa kichwa. "Nilishindwa. Tunaonania mu kachumba ka ofisi, muntu iko pale anaandika. Siyo fasi ya kuambia mutoto baba yake alikufa. Nilitaka nimwambie hapa, tukae naye chini. Sasa banasema hatakuja mpaka kukuwe viti. Na viti haviwezi kuingia mpaka kilio kiishe. Na kilio cha baba, kitaisha namna gani mutoto wake hayuko?"

Kila upande ulikuwa na haki, na katikati yao mtoto anazidi kurefuka kwa watu.

Lifti ilikuwa imekufa, kama kawaida yake, kwa hiyo nilimweleza Harriet kwenye ngazi. Nilimwambia kule ndani hakuna mgonjwa, kuna mfiwa. Nilimweleza godoro maana yake nini, na kwa nini mjane hawezi kunyanyuka tu akasema yamekwisha. Nilitarajia anijibu kwa lugha ya ofisi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kweli hakuna mtu yeyote wa upande wa mume hapa London, hata wa mbali. Nikamwambia hayupo, wote wako Bukavu, wajomba, mashemeji, wazee.

Harriet akafikiri. "Na Neema?" akauliza. "Neema si wa upande wake?"

Mtoto ni wa kwa baba yake, jambo hilo kwetu halihitaji kufundishwa, na mimi niliyejidai mjuzi wa mila nilikuwa nahesabu wazee. Katika London nzima marehemu alikuwa na mtu wake mmoja, na mtu huyo alikuwa anasoma shule ya msingi Croydon.

Nikarudi ndani kumwambia Mama Neema. Alishika mdomo. Alisema Neema ni mtoto mno. Halafu akasema, "Lakini ni wa kwabo. Ni kweli, ni wa kwabo."

Harriet aliamua atamleta Jumamosi, atakaa naye mwanzo mpaka mwisho, na mtoto akionekana anaumia kupita kiasi atamchukua waondoke. Alikiri anaogopa. Hakuna aliyemlazimisha kufanya vile, na hakuna ofisi ambayo ingempongeza. Mkikutana na mtu wa namna hiyo kazini, msimwache aende hivihivi, mpikieni hata chai.

Neema alirudi kwa mama yake moja kwa moja kabla ya likizo ya Pasaka. Nalisema sasa hivi ili msikae mkiningojea nilitamke, maana ninachotaka mkione ni ile Jumamosi.

Tulikuta wamama wa kanisa wameshapika sombe, yaani kisamvu, na bugali, harufu imeteremka mpaka chini kwenye ngazi. Safari hii mimi na Colin hatukuleta kitu. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Harriet naye alivua vyake, na soksi zake hazikuwa zinafanana, jambo lililonifanya nimpende zaidi. Akaketi chini pamoja nasi, mgongo ukutani. Neema aliingia na koti la shule, mwembamba, nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka. Aliangalia chumba kitupu, akamwangalia mama yake aliye chini, akaenda akakaa karibu naye bila kuambiwa.

Mama Neema akamshika mikono yote miwili.

"Neema, mutoto wangu. Baba yako alikufa."

"I know, Mum," Neema akasema.

Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, kwamba alijua tangu siku mama yake alipoacha kulitaja jina la baba. Kila walipoonana alingoja alitaje, na mama hakulitaja, basi naye akaamua asiulize, asimuumize. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amebeba msiba mzima peke yake katika nyumba ya wageni, akiwa anakwenda shule na kurudi. Hapo ndipo kilio kilipoanza kweli. Mama alilia kwa sauti aliyoizuia zaidi ya mwaka, na mtoto akalia naye, na wamama wakaimba, na mimi Mwislamu wa Tanga nikaitikia nyimbo nisizozijua. Colin alisimama koridoni na uso ameugeuzia kochi. Harriet hakumchukua mtoto. Alikaa palepale, analia kwenye mkono wa sweta.

Tuliomba, tukala. Alasiri mama mmoja mzee wa kanisa alimwita Neema mbele yake, akamweleza kwamba hapa yeye ndiye ukoo wa baba yake, hakuna mwingine, na mama hawezi kuinuka mpaka mtu wa ukoo aseme inatosha. Akamuuliza kama ameelewa.

Neema akaitikia kwa kichwa. "So I have to say it's finished?"

"Useme, kisha uingize kiti ya mama yako."

Alifuta pua. Akageuka akasema, "It's finished," kwa sauti ndogo, kisha akaona haitoshi, akarudia kwa nguvu zaidi. Wamama wakalikunja godoro. Mama Neema akabaki amesimama katikati ya zulia, mikono haijui iende wapi, na Neema akatoka koridoni.

Vile viti vya mbao ni vizito, mimi ndiye niliyevitia gundi na najua. Tulimsikia akikivuta kimoja, kikagonga ukuta, kikagonga mlango, kikakwama. Colin alikuwa karibu naye, akanyoosha mkono akishike.

"Hapana, mumuache," Mama Neema akasema. "Ni kazi ya kwabo."

Nikamtafsiria. Colin akarudisha mkono wake nyuma. Mtoto akakigeuza kiti upande, akakipitisha, akakileta mpaka katikati ya chumba, akakipangusa kwa mkono wa koti lake.

"Sit down, Mum."

Mama Neema aliketi. Alikaa kwanza kwenye ukingo, kama mtu aliyesahau kiti kinavyokaliwa, kisha akaegemea, akafumba macho, na Neema akarudi koridoni kuchukua cha pili.